Baba alikuwa fundi boila na paa letu ni la asbesto: tufanye nini?

*“Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 74. Tangu akiwa kijana alikuwa fundi boila katika karakana ya injini za mvuke, akastaafu miaka ya tisini. Alivuta sigara, ameacha kama miaka kumi iliyopita. Tangu mwaka jana ana kikohozi kikavu, na akipanda kilima cha kwenda kanisani lazima asimame mara mbili. Makohozi yalipimwa hayakuonyesha TB, lakini kwa kuwa picha ya kifua haikuwa nzuri akaanzishiwa dawa za TB. Amemaliza miezi sita, hali ni ileile. Sasa daktari mwingine ameiona picha akasema kuna mabaka yenye chokaa pembeni mwa mapafu, akamuuliza kama aliwahi kushika asbesto. Baba akamjibu kwamba walikuwa wanaikoroga kwa maji kwenye ndoo na kuipaka kwenye boila kwa mikono mitupu. Tumesoma mtandaoni, tumeogopa sana. Mama ndiye aliyekuwa anafua ovaroli zake. Nyumba yetu mpaka leo imeezekwa yale mabati mazito ya kijivu, na maji ya mvua tunayakinga na kuyanywa. Mdogo wangu ameshapata vijana wa kuyang’oa Jumamosi hii. Je, baba ana saratani? Sisi tuliokulia chini ya paa hilo tuko salama? Na maji je?”*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Kabla hujasoma mbele, mpigie mdogo wako umwambie kazi ya Jumamosi imeahirishwa. Paa hilo limekaa miaka mingi na linaweza kukaa miezi michache zaidi. Vijana wenye nyundo, kwa asubuhi moja, wanaweza kurusha hewani vumbi jingi kuliko ambalo paa zima lingelitoa likiachwa lilivyo. Nitalieleza paa kwa kirefu baadaye. Tuanze na mzee.

Hofu yako naielewa hivi: baba alishika asbesto, asbesto huleta saratani, picha ina mabaka, basi baba ana saratani. Hapo katikati kuna jambo halikukaa sawa. Mabaka yenye chokaa aliyoyaona daktari, kama ni yale ninayoyafikiria, si saratani, na hayageuki kuwa saratani. Ni makovu magumu yanayojitokeza kwenye utando uliotanda ndani ya mbavu na juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), kwa kawaida miaka 20 au zaidi baada ya mtu kuanza kuvuta vumbi la asbesto. Yenyewe hayaumi, na mara nyingi hayamkati mtu pumzi. Kwetu madaktari yana thamani ya ushahidi: yanatuambia kwamba kifua hiki kilipokea nyuzi za asbesto. Kwa hiyo kikohozi na kuhema kwa mzee vina chanzo kingine, na hicho ndicho cha kutafutwa. Daktari aliyemuuliza kuhusu kazi yake amefanya jambo ambalo lingefanyika tangu siku ya kwanza lingeokoa miezi sita.

Asbesto ni jina la kundi la madini ya asili ambayo, yakipondwa, hupasuka kwa urefu na kuwa nyuzi. Hayashiki moto, hayaozi, hayapitishi joto, na yalikuwa rahisi kupatikana. Ndiyo maana yalitumika kufunika boila na mabomba ya mvuke, kutengeneza gasketi na breki, na kutiwa kwenye saruji ili ipatikane karatasi nyembamba ya kuezekea. Unyuzi mmoja unaweza kupasuka ukazaa nyembamba zaidi, hadi jicho lisizione, na huelea hewani kwa saa nyingi bila harufu wala kuwasha koo. Zenye madhara makubwa ni zile ndefu na nyembamba, zenye urefu unaozidi maikromita 5 na unene usiofika 3 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Unywele wa kichwani mwako una unene wa makumi ya maikromita. Vumbi la kawaida hunaswa puani na kooni, lakini unyuzi wa namna hii hulala sambamba na mkondo wa hewa na kushuka nao hadi kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu.

Huko chini kuna chembe za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza uchafu. Zikikuta unyuzi mrefu kuliko zenyewe, hushindwa kuumeza wote, na katika kuhangaika huko humwaga juu ya nyama ya pafu zile kemikali zilizokusudiwa kuua vijidudu. Umewahi kuvunjikiwa na mwiba mguuni? Nyama huvimba kuuzunguka, hutunga usaha, na mwisho mwiba hutoka. Unyuzi wa asbesto hautoki. Mwili unajaribu leo, mwakani unajaribu tena, na unaendelea kujaribu kwa miaka thelathini au arobaini, na kila jaribio linaacha kovu dogo. Mara chache, katika uharibifu huo unaojirudia, vinasaba vya seli moja huharibika kiasi kwamba seli inaanza kuzaliana bila mpaka. Hiyo ndiyo sababu ya ugonjwa kuchelewa namna hii. Mtu huvuta vumbi akiwa na miaka ishirini na huugua akiwa na wajukuu, wakati karakana yenyewe imeshafungwa.

Hapa niseme jambo kuhusu maziwa, maana najua mzee atakuwa ameshaambiwa. Katika migodi, viwanda vya saruji na gereji zetu, wafanyakazi hupewa maziwa “yasafishe kifua”. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hupita kwenye umio kwenda tumboni, na vumbi liko kwenye mapafu. Hayakutani. Vilevile hakuna mitishamba, mvuke wa kujifukiza wala sindano inayoweza kutoa unyuzi uliokwisha kujikita. Yeyote anayewauzia dawa ya kuosha mapafu anachukua fedha ambazo mtazihitaji kwa vipimo.

Sasa, mzee anaweza kuwa na nini? Kwa kazi aliyoifanya, ninachokifikiria kwanza ni asbestosisi, yaani makovu yaliyoenea ndani ya mapafu yenyewe, hasa sehemu za chini. Huu ni ugonjwa wa kiasi kikubwa. Haumpati mtu aliyepita karibu na asbesto, humpata aliyeivuta sana kwa miaka. Fundi boila aliyekuwa akiikoroga kwenye ndoo, na zaidi sana akibandua ile ya zamani iliyokauka ili aweke mpya, yumo kabisa katika kundi hilo. Dalili zake ni hizi ulizoandika: kikohozi kikavu na pumzi inayopungua polepole, kwanza mlimani, baadaye hata kwenye tambarare. Daktari akiweka chombo chake mgongoni chini husikia mlio mwembamba wa mchakacho mzee anapovuta hewa. Kwa baadhi ya wagonjwa ncha za vidole hunenepa na kucha kupinda. Viangalie vidole vya baba leo, na ukiviona hivyo mwambie daktari.

La pili ni ugonjwa sugu wa njia za hewa unaoletwa na sigara. La tatu ni moyo, maana mzee wa miaka 74 anayehema anastahili kupimwa moyo na shinikizo la damu. La nne ni saratani ya mapafu, na sitakuficha, kwa sababu asbesto na sigara zikikutana madhara hayajumlishwi tu, yanazidishana. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 juu ya mafundi wa kufunika mabomba ulionyesha hivi: ukilinganisha na mtu asiyevuta sigara wala kushika asbesto, asbesto peke yake iliongeza vifo vya saratani ya mapafu kama mara 5, sigara peke yake kama mara 11, na vyote viwili zaidi ya mara 50. Mzee kuacha sigara miaka kumi iliyopita ni jambo kubwa sana, mpongeze. Hatari hupungua kadiri miaka inavyopita tangu mtu aache.

Halafu kuna ile mliyoisoma mtandaoni ikawanyima usingizi: mesothelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, au mara chache ule wa tumbo. Hii haihusiani na sigara. Karibu kila mara ikionekana, ukifuatilia nyuma unakuta asbesto. Ni mbaya; wengi huishi mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya kugunduliwa. Lakini hata miongoni mwa watu walioshika asbesto maisha yao yote ya kazi, walio wengi hawaipati. Nayo kwa kawaida huja kwa sura nyingine: maumivu ya upande mmoja wa kifua yasiyoacha, kukonda, na maji yanayojaa kifuani, yakitolewa yanarudi. Hujaniandikia hata moja kati ya hayo.

Nimetaja maji kifuani, na hapa ndipo watu wengi wa kwetu hupotea. Katika nchi zenye TB nyingi, mgonjwa mwenye maji kifuani au picha yenye madoa hupewa dawa za TB, na mara nyingi ni uamuzi wa busara, kwa sababu TB ndiyo iliyo nyingi na inaua. Maji ya TB na maji ya mesothelioma yanaweza kufanana maabara: yote yana protini nyingi, yote yana seli za ulinzi za aina moja. Tatizo linaanza pale dawa zinapoendelea bila nafuu na hakuna anayerudi kuuliza upya. Kanuni ninayowapa madaktari vijana ni kwamba TB ambayo haikuonekana kwa vipimo, na baada ya miezi miwili ya dawa mgonjwa hajapata nafuu yoyote, ihojiwe upya kuanzia mwanzo, na swali la kwanza liwe “Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani miaka arobaini iliyopita?” Si “unafanya kazi gani”, maana atakujibu kwamba ni mstaafu na analima mchicha.

Kwa hiyo nendeni na mzee kwenye hospitali ya rufaa yenye daktari wa kifua, mkiwa na karatasi. Kaeni naye jioni moja, mwandike alianza kazi mwaka gani, aliacha lini, alikuwa akifanya nini hasa kwa mikono yake, karakana ilikuwa na vumbi kiasi gani, alivaa nini puani, na wenzake wa wakati ule walikufa kwa nini. Hilo la mwisho lina uzito kuliko mnavyodhani. Bebeni na picha zote za zamani za kifua, hata ya miaka ishirini nyuma kama ipo kabatini. Picha mbili za nyakati tofauti zinaeleza mengi kuliko moja.

Kuna vipimo viwili vya kuomba. Cha kwanza ni kile cha kupuliza, spirometria, kinachoonyesha kama mapafu yamekakamaa kwa makovu au njia za hewa zimebana kwa sigara. Ni cha bei nafuu na hakiumi. Cha pili ni CT ya kifua, picha ya kompyuta inayoonyesha kifua kipande kwa kipande chembamba. Picha ya kawaida haioni makovu ya mwanzo, na mabaka yenyewe yanaweza kuziba uvimbe mdogo ulio nyuma yake. CT ikionyesha mabaka na makovu ya chini pande zote mbili, pamoja na historia ya kazi, hiyo kwa kawaida inatosha kusema ni asbestosisi, wala hakuna haja ya kumpasua kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha nyama cha kupimwa maabara. Ikionyesha uvimbe, au utando ulionenepa upande mmoja kwa namna isiyo sawa, hapo kinyama ni lazima. Maji peke yake yakipimwa mara nyingi hayatoi jibu la mesothelioma, kwa hiyo msirudi nyumbani mkiwa mmeridhika na jibu la “maji hayana saratani” kama maji yenyewe yanaendelea kujaa.

Kama ni asbestosisi, niwe mkweli: makovu hayafutiki. Lakini hilo halina maana kwamba hakuna la kufanya. Chanjo ya mafua na ya nimonia humkinga na maambukizi ambayo kifua chake hakiwezi kuyabeba. Mazoezi ya kutembea kila siku, kwa kiwango kinachomfanya aheme kidogo bila kukata pumzi, humpa nguvu kuliko kukaa kitini. Oksijeni ya nyumbani humsaidia yule ambaye kipimo cha kidoleni kinaonyesha imeshuka sana, si kila anayehema. Ipo dawa inayopunguza kasi ya makovu yanayoendelea kuongezeka, inaitwa nintedanib. Ni ghali, inaharisha, na haiponyi, kwa hiyo ni ya kujadiliwa na daktari akiwa na vipimo vya miezi kadhaa mkononi. Jihadharini na prednisolone, dawa ya kundi la steroidi, ya muda mrefu. Wagonjwa wengi wa kifua hupewa, wanachangamka siku chache, lakini kwa asbestosisi haizuii kovu. Inachoacha ni kisukari, mifupa dhaifu na, kwetu, TB iliyokuwa imelala kuamka. Na jikoni pawe na hewa: moshi wa kuni na mkaa si wa mzee huyu.

Kwa mama na ninyi watoto, jibu langu ni la kutuliza, lakini si la kupuuza. Mwaka 1960 Afrika Kusini, daktari aitwaye Wagner na wenzake walichapisha taarifa ya wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote kutoka maeneo ya machimbo ya asbesto ya buluu huko Northern Cape. Kilichowashtua watu ni kwamba baadhi yao hawakuwahi kufanya kazi mgodini hata siku moja. Walikuwa wameishi tu karibu, wengine wakiwa watoto waliocheza kwenye vifusi. Miaka mitano baadaye, London, watafiti Newhouse na Thompson walikuta jambo lilelile: kuna wanawake waliougua kwa sababu ya kufua nguo za kazi za waume zao, na watu waliougua baada ya kuishi ndani ya nusu maili ya kiwanda. Kwa hiyo mama, aliyekuwa akikung’uta ovaroli kabla ya kuzitia majini, amepata nyuzi zaidi ya mtu wa kawaida. Amweleze daktari wake, na apigwe picha ya kifua mara moja. Akiwa hana dalili na picha ni safi, hakuna sababu ya kumpeleka CT kila mwaka. Mionzi nayo ina gharama yake, na hakuna tiba ya kuwahi inayompa mtu asiye na dalili nafuu ya uhakika dhidi ya mesothelioma. Ninyi mliokulia ndani ya nyumba mna hatari iliyo juu kidogo ya jirani yenu, lakini kwa kila mmoja wenu bado ni ndogo sana. Hamhitaji vipimo. Mnachohitaji ni kutovuta sigara, na kumwambia daktari habari hii kama siku moja mtakohoa kwa muda mrefu.

Usidhani familia yenu imepatwa na jambo la ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini, na kwamba hizo ni zaidi ya asilimia 70 ya vifo vyote vya saratani zitokanazo na kazi. Wengi wao hawafi kwa mesothelioma, hufa kwa saratani ya mapafu ambayo mara nyingi huandikwa sigara tu. Uingereza, ambako mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto cha Rochdale, Nellie Kershaw, alikufa mwaka 1924 na kuelezwa katika jarida la madaktari, ilipiga marufuku asbesto yote mwaka 1999. Miaka ishirini baadaye bado ilikuwa inazika zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka kwa mesothelioma pekee. Hao walivuta nyuzi zamani.

Kwetu hesabu ni ndogo kwenye karatasi, na ninaamini sababu kubwa ni kwamba hatuhesabu. Mesothelioma huthibitishwa kwa kinyama na vipimo vya maabara ambavyo hospitali nyingi hazina. Mzee akifa wilayani, kinachoandikwa ni TB, nimonia au uzee. Na asbesto bado inachimbwa, kwa wingi zaidi Urusi, ikifuatiwa na nchi kama Kazakhstan na China, na kuuzwa kwa nchi zinazojenga kwa haraka. Wauzaji husema asbesto nyeupe, ambayo ndiyo inayochimbwa karibu yote leo, ni salama ikitumiwa kwa uangalifu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeshasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu. Ni kweli ya buluu na ya kahawia ni mbaya zaidi kwa mesothelioma, lakini fundi anayekata karatasi kwa grainda barabarani, puani kafunga leso, hatumii kwa uangalifu, na hakuna nchi ambayo imeweza kumsimamia kila fundi wa namna hiyo. Kenya ilipiga marufuku mwaka 2006, Afrika Kusini 2008. Rwanda imekuwa ikiendesha mpango wa taifa wa kuyaondoa mapaa hayo. Katika miji mingi yetu bado yapo juu ya shule, zahanati na nyumba za watumishi.

Turudi kwenye paa lenu sasa. Karatasi hizo ni saruji iliyotiwa asbesto, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 15, na saruji ndiyo inayozishika nyuzi. Karatasi nzima isiyoguswa hutoa kidogo sana. Hatari huja inapovunjwa, kukatwa, kutobolewa, kusuguliwa kwa brashi ya waya au kuoshwa kwa mashine ya maji ya nguvu. Na pale inapozeeka, saruji ikaliwa na mvua na jua, kingo zikaanza kuchanua nyuzi. Kwa hiyo msimame chini mlitazame. Limepasuka? Kingo zinamong’onyoka? Kuna vipande vilivyoanguka uani ambavyo kuku wanavichakura na watoto wanavitumia kuchorea? Hivyo vya uani ndivyo vya kuanza navyo: vimwagieni maji, viokoteni kwa glavu bila kuvivunja, vitieni kwenye mifuko miwili ya plastiki nzito, vifungwe na kuandikwa. Msivizike shambani, wala msivitumie kujazia mashimo ya njia, jambo ninaloliona kila mahali na linaniumiza.

Kama paa ni zima, mnaruhusiwa kusubiri mpaka fedha ya kazi nzuri ipatikane. Katika kusubiri msilipande, msifunge antena wala sola juu yake, na msilikwangue ukoga. Kulipaka rangi maalumu ya kuziba husaidia kwa miaka kadhaa, ilimradi uso wake usikwanguliwe kwanza. Ila ikifika siku litakapoondolewa bado litakuwa asbesto, kwa hiyo rangi ni ya kununulia muda.

Likiwa limechoka, liondolewe na watu wanaoijua kazi. Kabla ya kumlipa fundi, waulizeni NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, na afisa mazingira wa halmashauri ni nani anaruhusiwa, na taka zitapelekwa wapi, kwa sababu kisheria hizi ni taka hatarishi. Mkiwa na ndugu Kenya, mamlaka ya mazingira ya huko, NEMA, ina mwongozo wake. Kazi yenye heshima utaitambua. Karatasi hulowanishwa kwanza kwa maji ya kunyunyiza yenye sabuni kidogo. Boliti hufunguliwa au hukatwa kwa mkasi wa mkono, karatasi haipigwi. Hushushwa moja moja ikiwa nzima, haitupwi chini. Mafundi huvaa barakoa ya daraja la P3 inayokaa vizuri usoni na ovaroli la kutupwa, si leso wala barakoa ya hospitali. Ninyi na majirani wa karibu mnakuwa mmeondoka, madirisha yamefungwa, nguo zimeanuliwa. Mwisho hakuna kufagia: husafishwa kwa vitambaa vibichi, navyo vinafungwa pamoja na taka. Fundi akifika na nyundo, mtarimbo na pikipiki ya kubebea, mrudishe kwa upole, kwa usalama wake kwanza.

Maji ya kunywa yasiwanyime usingizi. Shirika la Afya Duniani limeupitia ushahidi na halikuona sababu ya kuweka kikomo cha asbesto katika maji ya kunywa, kwa kuwa nyuzi zinazomezwa hazijaonyesha madhara kwa uthabiti kama zile zinazovutwa. Ninachokiogopa zaidi katika maji ya paa ni mavi ya ndege: mwageni maji ya mvua ya kwanza, kingeni yanayofuata, chujeni na kuchemsha. Angalieni tope la kwenye mifereji ya paa. Hilo ndilo linalokusanya nyuzi zilizooshwa na mvua za miaka yote, na likikauka likachotwa kwa mkono linapeperuka. Mfereji usafishwe tope likiwa bichi, na kama limekauka lilowanishwe kwanza.

Mtaniuliza kuhusu fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, mzee akiwa ameshastaafu zamani, kwa hiyo njia yake haijanyooka. Hata hivyo ombeni ripoti ya daktari inayotaja ugonjwa na kuuhusisha na kazi kwa maandishi, mwitunze pamoja na barua ya ajira na ya kustaafu, na mwende mkaulize mkiwa nazo. Kama kuna wenzake walio hai, waambieni nao wapimwe. Wazee watano wa karakana moja wakifika na picha zinazofanana, daktari na ofisi ya fidia watawasikiliza kwa namna nyingine.

Miadi ya daktari wa kifua ikiwa baada ya wiki tatu, subirini kama hali inabaki ilivyo. Msisubiri, nendeni siku hiyohiyo, mzee akikohoa damu, akianza kuhema akiwa amekaa, midomo ikibadilika rangi, mguu mmoja ukivimba pamoja na pumzi kukatika ghafla, homa ikipanda na makohozi kuwa ya rangi, au maumivu mapya upande mmoja wa kifua yakimwamsha usiku. Na mkifika mapokezi, hata kama mhudumu ana haraka, sentensi ya kwanza iwe kwamba mzee alifanya kazi na asbesto miaka mingi.